Historia ya Kerezo, na Jinsi Mafundi Wanavyotafuta Ubovu Wake

Wasomaji wetu wa Bugufi, Bushubi na Rusubi wanajua sana jembe, shoka na panga. Walakini ni wachache waliokwisha kujiuliza vyombo vinavyotengeneza vyombo vingine vilitoka wapi. Baiskeli ina ekseli. Mashine ya kusaga mahindi ina mhimili. Pampu ya kisima ina parafujo. Vitu hivi vyote ni vya mviringo, tena mviringo kamili, na mkono wa mtu peke yake hauwezi kuvifanya. Vimetoka katika kerezo, yaani mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata.

Mwezi huu twataka kueleza historia ya kerezo, hasa lile linaloongozwa na kompyuta, na jinsi fundi anavyotafuta ubovu wake linapozeeka na kukataa kazi. Mtu asidhani kwamba hii ni habari ya nchi za mbali tu. Magharibi ya Ziwa Nyanza palikuwa na mafundi wa chuma kabla ya makerezo hayajafika, nao walijua shida ya chombo kinachokataa kazi. Basi tuanze na hao.

Huko Katuruka katika Buhaya wachimbuzi wa mambo ya kale waliona mabaki ya tanuru za chuma za yapata miaka 2000 iliyopita. Na katika Buzinza, nchi inayopakana na Rusubi, palikuwa na watu walioitwa Warongo. Hawa hawakuwa kabila. Walikuwa namna ya chama cha kazi, watu wa koo mbalimbali waliounganishwa na ufundi mmoja. Walichimba mtapo, wakachoma makaa, wakajenga tanuru, wakatia mirija ya udongo na kuvukuta kwa mivukuto saa nyingi. Kilichopatikana kilifuliwa kuwa jembe. Na jembe siku zile lilikuwa mali, hata likalipa mahari.

Lakini tanuru haikutii kila siku. Pengine watu walivukuta tangu alfajiri, na jioni wakaona mavi ya chuma tu, chuma chenyewe hakuna. Hapo mkuu wa kazi hakuwa na budi kutafuta sababu. Je, mtapo ulikuwa mbaya? Makaa hayakukauka? Mirija imepasuka? Au upepo haukutosha? Bwana Peter Schmidt, mtaalamu wa Marekani aliyekaa na Wahaya na baadaye na Warongo, ameandika jinsi wazee walivyohangaika tanuru zao ziliposhindwa, wakageuza jambo hili kisha lile, wapate kujua kasoro iko wapi. Walitumia dawa na miiko pia, kwa maana kwao tanuru ilikuwa kama mwanamke mwenye mimba, na chuma ndicho mtoto. Lakini pamoja na dawa, macho yao yaliangalia moto, udongo na makaa.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliyeyusha chuma mbele ya Schmidt, na mwaka 1978 yeye na mwenziwe Donald Avery waliandika habari hiyo katika gazeti la wataalamu liitwalo Science. Walieleza kwamba mirija ya udongo iliingia ndani kabisa ya tanuru, hata hewa ikapashwa moto kabla ya kufika katika makaa, na kwa hiyo joto likawa kali mno. Watu wengi wa Ulaya walistaajabu. Lakini liko jambo jingine katika habari ile, nalo ni la huzuni. Wazee wale walikuwa wameiacha kazi kwa muda wa nusu karne hivi, kwa sababu majembe ya ng'ambo yaliletwa na kuuzwa kwa bei rahisi. Walipotakiwa kuyeyusha tena, sehemu ya kazi waliikumbuka, na sehemu nyingine iliwabidi waitafute kwa kujaribu. Elimu ya karne nyingi ilikuwa imekaa vichwani tu, haikuandikwa popote. Msomaji na alishike neno hili, kwa maana tutalirudia.

Sasa tulitazame kerezo lenyewe. Asili yake ni ya kale sana. Watu wa Misri walichora mtu akikereza mti yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Mmoja alivuta kamba ili mti uzunguke, mwenziwe akashika patasi. Katika pwani yetu nako mafundi walikereza miguu ya vitanda na viti, na Kiswahili kina neno lake lenyewe la kazi hiyo, kukereza, wala hatukuhitaji kuazima kwa Waingereza.

Mageuzi makubwa yalikuja London karibu na mwaka 1800. Fundi aitwaye Henry Maudslay alitengeneza kerezo la chuma ambalo kisu chake hakikushikwa kwa mkono. Kilifungwa juu ya kiti cha chuma, na kiti kile kikasukumwa na parafujo ndefu iliyozunguka pamoja na kazi. Kwa njia hii hesi za parafujo moja zilifanana na za nyingine, na nati ya leo ikaingia katika bolti ya jana. Kabla ya hapo kila bolti ilikuwa na nati yake yenyewe, kama kufuli na ufunguo wake. Walakini mtu alikuwa bado amesimama pale, akitazama na kugeuza mikono ya mashine. Akili ilikuwa ya mtu. Nguvu na unyofu vilikuwa vya mashine.

Mwanzo wa kuipa mashine maagizo yaliyoandikwa ulionekana kwa wafumaji wa nguo. Mwaka 1804 Mfaransa mmoja, Joseph-Marie Jacquard, alionyesha kitanda cha mfumi kilichosoma kadi zenye matundu: penye tundu uzi ulipanda, pasipo na tundu ulibaki chini. Maua yakatokea katika nguo bila mfumaji kuyakumbuka. Wazo lile lilikaa muda mrefu kabla ya kuingia katika kazi ya chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, John Parsons wa Michigan huko Marekani alitafuta njia ya kutengeneza sehemu za ndege kwa tarakimu tupu. Jeshi la anga likatoa fedha, na wataalamu wa chuo cha MIT wakaifanya kazi. Mwaka 1952 walionyesha watu mashine ya kuchonga chuma iliyosoma utepe wa karatasi wenye matundu. Sanduku la umeme lililoiongoza lilijaa taa za kioo mamia, nazo ziliungua mara kwa mara. Huo ndio mwanzo wa mashine zenye kuongozwa kwa tarakimu, na papo hapo ndio mwanzo wa kazi ya kutafuta ubovu wake.

Japani nako, katika kampuni ya Fujitsu, Bwana Seiuemon Inaba alianza kazi hiyo mwaka 1956. Na mwaka 1972 idara yake ikawa kampuni ya peke yake, iitwayo Fanuc, ambayo masanduku yake ya kuongozea yameenea duniani kote. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilikuwa imekwisha kuuza ubongo wa kompyuta uliokaa katika kipande kidogo kuliko ukucha. Tangu hapo kerezo likapata ubongo wake lenyewe. Halikuhitaji tena kusoma utepe kila mara; liliyaweka maagizo katika kumbukumbu yake.

Maagizo hayo ni mafupi. Herufi na tarakimu G00 maana yake nenda upesi, G01, nenda kwa mstari ulionyoka huku ukikata, M03, zungusha kazi, M05, simamisha. Mtoto wa shule aweza kuyajifunza kwa siku chache. Lakini agizo ni jambo moja, na kutimizwa kwake ni jambo jingine, kama kila mwenye shamba ajuavyo.

Tutumie mfano huo wa shamba. Kompyuta ni mwenye shamba, atoaye amri. Kiko chombo cha pili kinachoipa mota nguvu ya umeme kwa kiasi chake. Hicho ni msimamizi. Mota ni mtenda kazi, naye huzungusha parafujo inayosukuma kisu. Na nyuma ya mota yuko shahidi, aitwaye enkoda. Ni kisahani chenye mistari myembamba sana. Taa humulika upande huu, na jicho la umeme huhesabu mistari upande wa pili. Mfano wa hesabu ni huu: kisahani kina mistari 2500, na kila mstari huhesabiwa mara nne, ndiyo 10,000 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa parafujo husogeza kisu milimita 10 kwa mzunguko, basi kila hesabu moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Shahidi hupeleka hesabu yake kwa mwenye shamba wakati wote. Maneno ya shahidi yakitofautiana mno na amri iliyotolewa, kompyuta husimamisha kazi yote na kuandika namba ya onyo katika kioo chake.

Hapa watu wengi hupotea. Kerezo likisimama na kuonyesha onyo, husema, "Ubongo umekufa," nao hulisukuma nje likanyeshewe, au huliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yafaa tujue kwamba kitanda cha chuma cha kerezo chaweza kudumu miaka hamsini na zaidi, lakini viungo vya umeme huchoka mapema. Kwa hiyo makerezo mengi ya zamani huuzwa Ulaya na Asia kwa bei nafuu, si kwa kuwa chuma chake kimelika, bali kwa kuwa hakuna tena anayetaka kuhangaika na sanduku lake la umeme. Mwenye kujua kulitibu hupata mali. Asiyejua hununua jiwe zito.

Nchi yetu ya Tanzania ilikwisha kutamani kujitengenezea mashine zenyewe. Huko Mang'ula, penye njia ya reli ya TAZARA, karakana ya wajenzi wa reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha mashine. Na huko Kilimanjaro, katika wilaya ya Hai, kiwanda cha makerezo kilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Kazi za viwanda hivi zilidhoofika baadaye, na katika miaka ya karibuni serikali ilishughulika kukifufua kile cha Kilimanjaro. Sisi wa Ngara na Biharamulo tulikaa miaka mingi na umeme wa mitambo ya dizeli, kabla ya kufikiwa na nyaya za gridi ya Taifa. Sasa katika maporomoko ya Rusumo, penye mpaka wa Ngara na Rwanda, umejengwa mtambo wa megawati 80, ambao umeme wake hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme ukifika, mashine hufuata. Na mashine zikifika, ubovu haukosi kuja pamoja nazo. Basi afadhali tujifunze mapema.

Fundi mwenye busara haanzi kwa kufungua. Huanza kwa kuuliza na kusoma. Onyo lasemaje? Kerezo lilikuwa likifanya nini liliposimama? Ni asubuhi lingali baridi, au mchana limepata joto? Ubovu huja kila mara, au huja na kwenda? Swali la joto peke yake laweza kuokoa siku nzima, kwa maana ubovu unaokuja mchana tu mara nyingi humpeleka mtu kwenye feni iliyosimama au kichujio kilichozibwa na vumbi. Hili vumbi letu jekundu, likichanganyika na mafuta ya kerezo, huzivika bodi za umeme kama blanketi.

Jambo la pili ni umeme uingiao. Mashine hizi hula umeme wa nyaya tatu. Waya mmoja ukipoteza nguvu, mambo ya ajabu huonekana, na fundi mjinga huanza kulaumu kompyuta. Baada ya hapo hupimwa umeme mdogo wa ndani, ambao katika makerezo mengi ni volti 24. Katika chombo kinachoutoa umo mfano wa mtungi, uitwao kapasita. Mtungi huo hutunza umeme ili usiyumbe, nao hukauka kwa miaka. Ukisha kukauka, volti 24 hushuka kuwa 20 au pungufu kila kazi inapozidi. Swichi ndogo zinazovutwa na sumaku, ziitwazo rilei, huachia. Na kerezo husimama likitoa onyo la kitu kisicho na kosa lolote. Hapa pana hatari. Kapasita kubwa za kuendeshea mota hubaki na umeme hata baada ya kuzima, nao waweza kuua mtu. Fundi huzima, hungoja dakika nyingi, hupima kwa mita, ndipo hugusa.

Jambo la tatu ni mnyororo wa usalama. Kitufe chekundu cha kusimamishia, mlango, na swichi za mwisho wa njia vimeunganishwa kwa waya mmoja mrefu, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Mmoja akiacha, maji hayafiki. Hapa fundi hapimi kila swichi toka mwanzo, hupima katikati. Umeme ukiwapo katikati, nusu ya kwanza ni nzima, naye huigawa nusu ya pili. Swichi 16 humalizwa kwa vipimo 4. Hii ni hesabu ya darasani tu, lakini huokoa jasho jingi. Tena waya za kerezo huenda na kurudi pamoja na kisu mara maelfu kwa siku, hata shaba hukatika ndani ya ngozi iliyo nzima kwa nje.

Jambo la nne ni kumbukumbu. Kerezo la zamani hushika habari zake kwa nguvu ya betri ndogo. Humo zimo habari za mwili wake: urefu wa njia zake, kipimo cha parafujo zake, namna ya mota zake. Betri ikifa, kerezo hulisahau hata umbo lake lenyewe. Nalo, pasipo kuvunjika popote, halifai kitu. Ndiyo maana katika makerezo mengi ya namna hii betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, ili kumbukumbu isikatike. Na ndiyo maana watengenezaji wengi walitoa karatasi ya tarakimu zile, mara nyingi ikawekwa katika mlango wa sanduku. Yuko mtu aliyeitupa akidhani ni takataka. Naye ametupa roho ya mashine.

Jambo la tano ni kubadilishana. Mfano, mota moja hupeleka kisu kushoto na kulia, na ya pili hukipeleka mbele na nyuma. Onyo lasema kuwa upande wa kwanza una kosa. Basi, ikiwa vyombo vya pande zote mbili ni vya namna na nguvu moja, fundi huzima, hungoja kama tulivyosema, kisha huvibadilishana mahali. Kosa likihamia upande wa pili, chombo kile ndicho kibovu. Likibaki palepale, ubovu uko mbele yake: katika waya, katika mota, au kwa shahidi aliyeingiwa na mafuta machoni. Hata hivyo hubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Abadilishaye vitu vitatu pamoja, kerezo likipona hajui dawa iliyoliponya, na likizidi kuugua hajui sumu iliyolidhuru.

Msomaji ataona kwamba katika mambo haya yote matano ubongo wenyewe haukushitakiwa. Huweza kufa, hatukatai. Lakini ni wa mwisho kushukiwa, kwa maana ni ghali, na tena hushindwa mara chache kuliko betri, feni, swichi na viungo vya waya vilivyopata kutu. Mkuu wa Warongo alifanya vivyo hivyo penye mirija, makaa na mtapo. Chombo kimegeuka, lakini kazi ya akili ni ileile: kuuliza, kupima, kugeuza jambo moja, kutazama.

Liko jambo moja tu ambalo sisi twaweza kulifanya, nao wazee wa tanuru hawakuwa na njia ya kulifanya. Sisi twajua kuandika. Kila kerezo na liwe na daftari lake, likae mahali pakavu karibu na mashine. Zinakiliwe humo tarakimu zote za kumbukumbu, na nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine. Paandikwe tarehe, onyo lililoonekana, vipimo vilivyopatikana, na dawa iliyofaa. Na majaribio yaliyoshindwa yaandikwe pia, ili ajaye asipoteze siku zake kwa kuyarudia. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa mashine ya mamilioni.

Betri ya kerezo na kichwa cha mzee vyafanana kwa jambo hili: vyote viwili hushika elimu nyingi, navyo hufika siku vikazimika. Elimu ya tanuru ilikaribia kupotea hivyo, wala haikuwa kwa ujinga wa wenyewe, kwa maana walikuwa mabingwa. Ilikaribia kupotea kwa sababu kazi ilisimama na maneno hayakuwa katika karatasi. Basi vijana wa Ngara na Biharamulo wanaokwenda kujifunza ukerezaji katika vyuo vya ufundi na waende na kalamu pamoja na mita, na wakirudi nyumbani warudi na madaftari yaliyojaa.